Mkosi Haujawahi Kuzamisha Chombo

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hii tunaisoma darasani, tunaipigia mstari kwa wino mwekundu na kuitia katika insha ili tupate alama. Mimi leo, kwa ruhusa ya mhariri na walimu wetu wapendwa, nataka kuipinga. Nimesema kuipinga, si kuidharau. Inatuambia kwamba chombo kikishaandikiwa kuzama kitazama tu, hata nahodha awe stadi namna gani. Kwa maoni yangu, huo ndio mlango ambao mkosi, nuksi na kisirani hupitia kuingia baharini na ziwani.

Katika mjadala wa chama muhula uliopita, wapinzani walisema kwamba imani za mabaharia hazituhusu sisi watu wa Kakamega kwa sababu hatuna bahari wala ziwa. Wakapigiwa makofi. Lakini je, ndugu msomaji, omena tunaowala hutoka wapi? Na hiyo mvua inayotunyeshea alasiri tukitoka shule, hutoka wapi? Mwalimu wa Jiografia alitueleza kwamba mchana upepo huvuma kutoka Ziwa Victoria kuja huku kwetu juu, ukapanda na kupoa, mawingu yakajaa, ngurumo zikaanza. Na zikianza, nani kati yetu hajaambiwa nyumbani afunike kioo na avue nguo nyekundu? Basi tusiwacheke mabaharia. Sisi tuko nchi kavu chini ya mabati na bado tunafunika kioo, sembuse mtu aliye katikati ya maji usiku, na kati yake na kilindi kuna ubao mmoja tu!

Imani zenyewe ni nyingi, na nyingine nazipenda. Mabaharia wa Ulaya ya zamani waliogopa kung'oa nanga siku ya Ijumaa, tena walikataza mtu kupiga mbinja melini, ati mbinja huita upepo. Pwani yetu, mitepe iliyoshonwa kwa kamba ilichorwa macho kwenye omo, na hata leo ukifika Lamu utaona mashua zenye duara la rangi mfano wa jicho pale mbele. Waganda walikuwa na Mukasa, mungu wa ziwa, aliyekuwa na hekalu lake katika visiwa vya Ssese. Majirani zetu Waluo nao wakisikia kelele za Nyawawa, pepo wanaosemekana kutoka ziwani, hupiga sufuria na mabati ili wapite zao. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni mchezo, na nikaona wivu kwamba sisi hatuna.

Isitoshe, si kila kinachofanana na ushirikina ni ushirikina. Wavuvi wa omena hawapendi usiku wa mbalamwezi. Mgeni atasema wanaabudu mwezi. Kumbe wao huvua kwa taa. Omena huufuata mwanga, na mwezi uking'aa taa inakuwa bure kabisa. Hiyo ni elimu, tena ya wazee ambao hawakukanyaga darasa la Bayolojia.

Ninayoikataa ni ile ya kumtafuta mwenye mkosi. Hebu tuhesabu siku. Feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, na watu zaidi ya 270 wakafa. Ilikuwa Ijumaa. Shabiki wa Wazungu atarukia hapo, "Si nilisema!" (Na ndugu zetu Waislamu, ambao hiyo ndiyo siku yao tukufu, waseme nini?) MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, siku ya Jumanne. MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Vyombo vinne, siku nne mbalimbali.

Sasa tuhesabu watu. Feri ya Mtongwe ilikuwa ya abiria 300, ikabeba takriban 400. MV Bukoba ilikuwa ya abiria 430, na waliokufa peke yao walizidi 800. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walipita 220. Spice Islander nayo ilijazwa kupita kiasi. Hapo mkosi uko wapi? Aliyempakia mtu wa 102 alikuwa na macho, na vidole vya kuhesabia alikuwa navyo. Lakini tukishasema ilikuwa bahati mbaya, ilikuwa imeandikwa, mtu huyo analala usingizi wake vizuri.

Kwa mashua ndogo mambo ni yale yale. Usiku upepo hugeuka. Huvuma kutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, ukakutana huko katikati, ukapanda juu, na dhoruba ikazuka kabla ya alfajiri, saa zile zile wavuvi wa omena wako kazini. Siku hizi watu wa hali ya hewa hutoa utabiri kwa ajili yao. Lakini mvuvi akitoka bila kuusikiliza, tena bila jaketi la kuokoa maisha, akazama, matangani hutasikia habari ya jaketi. Utasikia wakiulizana ni nani alimroga, au mke wake alifanya nini usiku ule.

Hapo ndipo ninapoudhika, maana mimi ni msichana. Wavuvi wengi wa ziwa letu huamini kwamba mwanamke hafai kupanda mashua ya kuvulia, hasa akiwa katika siku zake, ati samaki watakimbia. Likizo ya Agosti niliandamana na senje wangu, yaani shangazi, hadi Port Victoria kununua omena. Kulikuwa na mashua imevutwa mchangani. Nikataka kuingiza mguu nione ilivyoundwa ndani. Mzee mmoja akanifokea, "Wewe msichana, toka hapo! Unataka tulale njaa?" Senje akanishika mkono akasema polepole, "Njoo, mama. Hapa sisi ni wa kununua tu."

Huyo senje huamka saa tisa usiku. Hubeba magunia, huanika, hupepeta, kisha huuza kwa gorogoro katika soko la Kakamega. Wakati mwingine huwatumia wavuvi pesa mapema ili wanunue mafuta ya injini. Nikajiuliza ndani ya matatu njia nzima: pesa zake mbona hazina nuksi? Noti aliyoishika yeye inapanda mashua, mwenyewe hapandi!

Wala jambo hili si la kuchekesha. Mwanamke asiyeruhusiwa kuvua hana budi kumngoja mwanamume ufuoni, na kuna wanaume wanaomdai zaidi ya pesa ndipo wamuuzie samaki. Hiyo ndiyo jaboya tunayoisikia. (Mwalimu mlezi akiona yafaa kulifuta neno hilo, atalifuta.) Mwaka 2011 akina mama wa ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, walianza kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wa kuvua. Samaki hawakuhama ziwa. Kilichowarudisha nyuma ni mafuriko ya mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda yakaingia kijijini, na sijasikia mtu akidai kwamba yale maji yaliitwa na mwanamke aliyekanyaga mashua. Yalifika hata kwa wanaume.

Najua wapinzani wangu wataniuliza: wewe uliyezaliwa nchi kavu, ukipewa mashua leo usiku utaipanda? Nitaipanda, mradi nivalishwe jaketi, tusikilize utabiri, na kabla ya kutoka tuhesabiwe. Mwenye jibu alipeleke kwa katibu wa chama kabla ya muhula kufungwa, na lisizidi ukurasa mmoja.