Mita 777 si kina cha ziwa

Aprili 2024, usawa wa maji ya Ziwa Tanganyika ulikaribia mita 777. Namba hiyo ilitajwa redioni na magazetini, na kwa mtu mwenye depo ya saruji au mchele karibu na bandari ya Bujumbura haikuwa rahisi kujua imfanye nini. Mita 777 za nini? Kina cha ziwa hili kinafika takriban mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Kwa hiyo anayedhani 777 ni kina ataona ziwa limekauka nusu, wakati maji yameshaingia bandarini.

Mita hizo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Ni urefu wa uso wa ziwa ukilinganishwa na bahari, kama vile mji unavyosemwa uko mita kadhaa juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi kabla ya hapo uso huo ulikuwa kwenye mita 774 au 775 hivi. Tofauti ya mita mbili ni ndogo kwenye karatasi. Kwenye tambarare ya Gatumba, Kajaga na Kinindo, ambako ardhi haina mteremko wa kutosha, mita moja ya kupanda inaweza kusogeza ukingo wa maji mamia ya mita kuelekea kwenye nyumba, maduka na barabara. Kigoma, ambako vilima vinashuka hadi majini katika sehemu nyingi, mita ile ile hula ukanda mwembamba zaidi. Ndiyo maana habari ya ziwa moja hupokelewa kwa uzito tofauti kwenye bandari mbili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, na wenye gharama, uko kwenye neno mafuriko. Bujumbura neno hilo hubeba mambo matatu ambayo hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni maji ya mito midogo inayotoka milimani juu ya mji: Ntahangwa, Muha, Kanyosha na makorongo kama Gasenyi. Hiyo ni mvua ya saa chache inayoshuka kwenye mteremko mkali na kufika mjini ikiwa imebeba tope na mawe. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji ya namna hiyo yalipiga vitongoji vya kaskazini mwa Bujumbura na kuua makumi ya watu. Huja ghafla na kuondoka haraka, yakiacha tope.

La pili ni mto Rusizi. Huu hutoka Ziwa Kivu, hukusanya maji ya Rwanda, Kongo na Burundi, kisha hupita kando ya Gatumba kabla ya kumwaga ziwani. Aprili 2020 ulivunja kingo zake na kuwafukuza maelfu ya watu Gatumba, mwezi ule ule ambao ng'ambo ya mpaka mji wa Uvira ulikumbwa na maji ya mto Mulongwe. Mto wa namna hii hukaa juu kwa siku au wiki, kisha hurudi kwenye njia yake, isipokuwa mashapo yameifukia njia hiyo.

La tatu ni ziwa lenyewe kupanda. Hili haliji usiku mmoja wala haliondoki mwezi mmoja. Sababu yake iko kwenye neno ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania hulikuta kwenye somo la sayansi na kulisahau: uvukizaji, yaani maji kugeuka mvuke na kupanda hewani. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo, na mlango huo ni mwembamba ukilinganishwa na ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670. Sehemu kubwa ya maji yanayopotea huenda kwa jua na upepo, siyo kwa mto. Ziwa kama hilo hujaa kwa kasi ya mvua na kupungua kwa kasi ya jua.

Hapo ndipo hesabu ya biashara inapobadilika. Mwenye mzigo aliyezoea mafuriko ya Ntahangwa husubiri mvua ikatike, husafisha tope, hurudisha magunia sakafuni. Akifanya hivyo kwenye depo iliyoingiliwa na ziwa, atapoteza mzigo wa pili. Kati ya Mei na Oktoba ziwa hushuka, lakini kwa sentimita, na mvua za msimu unaofuata hulikuta bado liko juu. Lilipanda 2021, halikupata nafasi ya kurudi chini vya kutosha, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikalikuta hapo. Kufikia Aprili 2024 watu zaidi ya 200,000 nchini Burundi walikuwa wameguswa na majanga ya mvua tangu Septemba, na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada. Mwaka 1964 nao ziwa lilifika kiwango kinachokaribia hicho, na kushuka kwake kulichukua miaka. Mkataba wa pango wa miezi 12 uliosainiwa kwa imani kwamba "maji yataondoka kiangazi" una kasoro, na kasoro yenyewe ni ya jiografia.

Historia ina mfano mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1870 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na matete, na ziwa likawa linapanda. Kiasi cha mwaka 1878 maji yaliuvunja mlango huo, na katika muda usiozidi miaka 20 uso wa ziwa ukashuka kwa takriban mita 10. Kwa hiyo hali ya mlango wa Kalemie ni habari ya kiuchumi Bujumbura, ingawa ni nadra kusikika sokoni.

Neno jingine lenye mtego ni bonde. Mtu wa kawaida akisikia bonde huona sehemu ya chini kati ya vilima. Wataalamu wa maji hulitumia kwa eneo lote ambalo mvua yake huishia sehemu moja, vilima vikiwemo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye ofisi Kigoma, inapotaja mvua kubwa ndani ya bonde, haisemi habari za ufukweni tu. Mto Malagarasi huleta ziwani maji kutoka mbali sana ndani ya Tanzania, na maji hayo hayajui forodha. Bujumbura inaweza kuwa na jua wiki nzima na ziwa likaendelea kupanda.

Lipo pia neno wastani, ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitumia kila inapotoa mwelekeo wa mvua. "Wastani hadi juu ya wastani" haina maana ya mvua za kiasi, zisizo na madhara. Maana yake ni kiwango cha kawaida cha mahali hapo kwa miaka mingi, au zaidi yake. Mamlaka hiyo pia hutenganisha mvua za vuli na masika na zile inazoziita mvua za msimu, zinazoanza Novemba hadi Aprili, ambazo ndizo zinazohusu sehemu kubwa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Mnunuzi wa maharage au mahindi aliyeko Bujumbura akisoma utabiri wa masika anasoma habari za watu wengine. Kwake yeye, anayehesabu mavuno ya Burundi kwa misimu A, B na C, ni kalenda ya tatu kuiweka kichwani.

Hata sheria zinategemea maneno haya. Burundi, kwa sheria yake ya maji ya 2012, imeweka ukanda wa hifadhi wa mita 150 kando ya Tanganyika. Tanzania, kwa sheria ya mazingira ya 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Kwenye ardhi tambarare ukingo huhama. Anayekodi ghala leo nje ya ukanda huo anapaswa kuuliza mstari ulipimwa ziwa likiwa wapi.

Tatizo ni kwamba maarifa haya yamegawanyika kwa lugha. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, hufanya kazi yake zaidi kwa Kifaransa na Kirundi. Shule za Burundi hufundisha Kiswahili kama somo la lugha, huku sayansi ikienda kwa lugha nyingine, hivyo kijana wa Buyenzi anayezungumza Kiswahili tangu utotoni hana neno la mashapo wala la mmomonyoko katika lugha hiyo, ingawa isuri ya Kirundi anaijua vizuri. Tanzania ina maneno hayo yote kwenye vitabu vya shule ya msingi, kisha huyaacha sekondari na kuingia Kiingereza. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na Kamisheni ya Kiswahili ipo Zanzibar. Wakati huohuo Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne wa 2003, makao yake yako papo hapo Bujumbura. Taarifa moja ya kila wiki kwa Kiswahili, yenye usawa wa ziwa, tofauti yake na wiki iliyopita na hali ya Rusizi, ingetoshea kwenye ujumbe wa simu.

Wafanyabiashara wenyewe walishatatua tatizo la aina hii bila kamisheni. Mukeke wa Bujumbura ni mgebuka wa Kigoma, ndagala ni dagaa, na hakuna mnunuzi anayelipa mara mbili kwa kutojua. Kwa maji bado. Msimu unaokuja wa mvua utaanza Septemba, na mikataba mingi ya maghala hupangwa kabla ya hapo.