Mji Usio na Mfalme Nao Utembelewe

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu ziara za miji ya kale ya wafalme, hapa Morotonga naambiwa jambo lile lile: sisi watu wa Mara hatukuwa na ufalme, basi hatuna mji wa kumwonyesha mtu, mgeni tumpeleke kwenye nyumbu. Kauli hiyo inaniudhi, na inaniudhi zaidi inapotoka kwa walimu.

Kilwa Kisiwani inastahili kila sifa inayopewa humu. Mwandishi wetu anamtembeza msomaji Husuni Kubwa, jumba alilojenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, hadi kwenye birika lake la pembe nane, kisha anamkutanisha na Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331. Msome polepole. Makala ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi inaeleza ujenzi uliofuata moto wa Machi 2010. Ya Gyeongju, makao ya wafalme wa Silla huko Korea, ni fupi lakini ni nzuri.

Nagombana nazo zote tatu kwa jambo moja: zinaanzia kwenye kiti cha enzi. Msafiri aliyezoeshwa kumtafuta mfalme kwanza ataipita Thimlich Ohinga, makazi ya kale yenye kuta za mawe, bila kugeuza shingo. Iko Kaunti ya Migori, Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, na UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, za tangu karne ya 16 hivi, zimepandishwa kwa mawe matupu, bila udongo wala chokaa, na mahali pengine zinapita mita 4. Usogelee ukuta uutazame: upande wa nje na wa ndani mawe yamechaguliwa yakashikana, na katikati pameshindiliwa mawe madogo. Malango ni mafupi, juu yamelazwa mawe marefu. Mgeni huingia ameinama. Adui naye aliinama, na mtu aliyeinama hana nafasi ya kurusha mkuki. Ndani yapo mashimo ya duara zilikosimama nyumba, na mazizi ya ng'ombe.

Hatutajiwi sultani aliyeamuru kazi hiyo. Ukuta wa namna ile haujengwi wala hautunzwi vizazi na vizazi bila watu kukubaliana, na huo ni utawala kamili. Mkurya anayejua jinsi inchama, baraza la wazee, inavyoamua mambo ya ukoo ataelewa upesi kuliko msomi aliyekariri orodha za nasaba.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule za Mugumu wanaopanga ziara za mwaka: Kilwa ni safari ya siku kadhaa, nauli yake wazazi wengi hawaimudu. Pitieni Tarime, mvuke Sirari. Wanafunzi wapime kuta, wachore malango, wawaulize wazee wa huko maswali. Kurasa za mbele za toleo lijalo nimewatengea wao.