Picha za Harusi na Programu ya Kuzisafishia

Swali la wiki hii limetoka kwa binti mmoja wa hapa Mombasa, aliyeanza kazi ya kupiga picha harusini, upande wa wanawake. Amenunua kamera ya mtumba ya Canon, na wenzake wakamshauri aache kuhifadhi picha katika mfumo wa kawaida wa JPEG, azihifadhi zikiwa ghafi. Alipofika nyumbani akakuta kompyuta yake haizifungui. Fundi mmoja akamwambia kuwa kwa shilingi 500 atamwekea ile programu maarufu wanayoitumia wapiga picha wakubwa. Binti anauliza: akubali, au iko njia nyingine isiyomzidi uwezo?

Njia iko, tena si moja. Ila kwanza tueleze picha ghafi ni nini, kwa faida ya mama zetu wanaolipia picha hizi bila ya kujua kwa nini mpiga picha mmoja hutoza zaidi ya mwenzake.

Kamera inapotoa picha ya JPEG huwa imekwisha kujiamulia mambo mengi: nyeupe ni ipi, kivuli kiwe kizito kiasi gani, habari gani ibaki na ipi itupwe. Kinachosalia ni viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi. Picha ghafi huhifadhi yote yaliyopokewa na jicho la kamera, kwa viwango 4,096 au 16,384 kulingana na aina ya kamera. Aliyeletewa mchuzi uliokwisha kuzidi chumvi hana la kufanya ila kuunywa; aliyepewa nyama na viungo vyake bado ana hiari mkononi.

Hiari hiyo ina thamani kubwa katika harusi zetu kuliko za wengine. Fikirini kanzu nyeupe ya bwana harusi katika jua la adhuhuri, na pembeni yake mama aliyevaa buibui jeusi. Kamera ikiifuata kanzu, buibui hugeuka doa la wino lisilo na mkunjo wala nakshi. Ikilifuata buibui, kanzu huungua ikawa karatasi tupu. Au tazameni usiku wa kupamba, ukumbi umejaa taa za zambarau na kijani: uso wa bibi harusi hutoka kama wa mgonjwa, na piko mikononi haionekani vyema. Katika picha ghafi mkunjo wa buibui huweza kufufuliwa na rangi ya ngozi ikarudishwa mahali pake. Hata hivyo ina mpaka wake. Sehemu iliyoungua kabisa kwa mwanga haina habari ndani yake, na hakuna programu itakayoirudisha. Gharama nyingine ni nafasi: picha ghafi moja ya kamera ya megapikseli 24 huchukua takriban megabaiti 25 hadi 30, hivyo picha elfu moja za harusi moja hukaribia gigabaiti 30.

Sasa tuje kwenye programu. Ile maarufu ni Lightroom ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka 2007. Zamani mtu aliinunua mara moja ikawa yake. Toleo la sita, la mwaka 2015, ndilo lililokuwa la mwisho kuuzwa hivyo. Tangu hapo ni kodi ya kila mwezi. Kwa miaka mingi kodi hiyo ilikuwa kama dola 10, lakini mpango huo ulifungwa kwa wateja wapya mwezi Januari 2025, na mpango mkubwa zaidi wakati huo ulikuwa wa takriban dola 20. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni karibu shilingi 2,600 kwa mwezi, au zaidi ya 30,000 kwa mwaka. Harusi zetu huwa nyingi kabla ya Ramadhani, kisha kazi hulala mwezi mzima hadi Idi ipite. Kodi ya programu haijui Ramadhani. Na siku utakaposhindwa kulipa, picha zako utaziona na kuzitoa, lakini chumba cha kuzisafishia kitafungwa.

Sisemi programu hiyo ni mbaya. Ni nzuri, na mwenye harusi mbili au tatu kila mwezi huenda akaona muda inaomwokolea unalipa kodi yake. Anayeanza hana haja ya kujifunga.

Ama ile ya fundi ya shilingi 500, huo ni wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na fundi anauza kisichokuwa chake. Lakini nataka binti azingatie jambo la pili, ambalo naliona zito zaidi katika kazi yake. Programu iliyovunjwa kufuli imepitia mikono ya mtu asiyejulikana, na mara nyingi sharti la kwanza la kuiingiza ni kuzima kinga ya virusi. Ndani ya kompyuta hiyohiyo zimo picha za wanawake waliovua mabuibui yao usiku wa kupamba kwa kuwa mlango ulifungwa na simu zilikatazwa. Walimruhusu yeye peke yake aingie na kamera. Anayemfungulia mgeni asiyemjua kompyuta yenye picha hizo amewavunjia mlango wote waliokuwamo.

Kwa sababu hiyohiyo aulize kila programu huziweka wapi picha. Ile iitwayo Lightroom Classic huziacha katika diski yako. Nyingine yenye jina la Lightroom tupu kwa kawaida hupeleka picha zenyewe katika hazina ya kampuni mtandaoni. Si kosa kuitumia, lakini wenye harusi waambiwe mapema na waridhie. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Njia ya halali isiyo na malipo imo mkononi mwake tayari. Canon huwapa wateja wake programu iitwayo Digital Photo Professional. Huulizwa tu namba iliyochapwa kwenye kamera. Wenye Nikon wana NX Studio, na wenye Sony wana Imaging Edge Desktop. Programu hizi zinazijua rangi za kamera zao vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba hazishughulikii kamera za kampuni nyingine, na katika kompyuta kongwe huenda kwa mwendo wa jongoo.

Zaidi ya hizo ziko darktable na RawTherapee. Hii ya pili ilianzishwa na Gábor Horváth wa Hungaria, na mwaka 2010 ikafunguliwa kwa kila mtu. Zote mbili huendelezwa na watu wanaojitolea, na leseni yake inaruhusu kutumia, kunakili na hata kumpa jirani, biashara ikiwamo. Mimi hutumia darktable kwa picha za hati za zamani zilizoliwa na mchwa, na sikubaliani na wanaodai kuwa cha bure ni dhaifu. Ugumu wake ni mwingine: siku ya kwanza utakuta vitufe tele ukadhani umeingia chumba cha rubani. Ajifunze mambo matano tu, yaani mwanga, rangi nyeupe, vivuli, chengachenga na kukata kingo, mengine yatakuja. Wala asiogope kuharibu kitu, kwani programu hizi haziigusi picha ya asili. Huandika maagizo katika faili ndogo ya pembeni.

GIMP pia ni ya bure, lakini haifungui picha ghafi peke yake. Huzipitisha kwanza kwa moja ya hizo mbili.

Ningekuwa yeye, ningechagua picha kumi ngumu, za kanzu juani na za taa za ukumbini, nikazisafisha kwa ile ya Canon kisha kwa darktable, halafu nikawaonyesha mama na dada zangu bila ya kuwaambia ipi ni ipi.

Na akija kununua kamera mpya kabisa, aangalie kwanza kama imo katika orodha ya zinazotambuliwa na programu yake, maana za bure huchelewa miezi kadhaa kuzitambua. Ikiwa haimo, Adobe hutoa bila malipo kigeuzi cha kuzifanya picha ghafi ziwe za mfumo wa DNG, ambao programu nyingi huusoma.