NETI SAWA, ILA MBU WA DENGUE ANAUMA MCHANA

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, juzi kaposti picha yuko ndani ya neti nyeupe, pajama ya hariri, cheni shingoni. Chini kaandika watu walale kwenye neti wajikinge na dengue. Laiki kama mvua. Picha kali, hakuna ubishi. Tatizo ni ujumbe.

Neti ni mkombozi kwa malaria kwa sababu mbu wake anauma usiku. Mbu wa dengue, Aedes, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, shifti yake ni mchana. Anamkuta mtu saluni, kijiweni, ofisini, mtoto darasani. Sasa nani anatembea na neti Kariakoo saa nne asubuhi? (Mtoto mchanga anayelala mchana, sawa, huyo afunikwe.)

Tena anazaliana humo humo majumbani: ndoo isiyofunikwa, tairi bovu, kifuu, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mayai anayabandika ubavuni mwa chombo, yanakaa makavu hata miezi yakisubiri maji. Kwa hiyo kumwaga tu haitoshi, chombo kisuguliwe. Dar ilishapigwa na dengue 2014, ikapigwa tena 2019, lakini posti za mastaa bado ni neti, neti, neti.

Kinachouma zaidi kiko kwenye komenti. Shabiki kauliza: ana homa siku ya pili, macho yanauma kwa nyuma, anywe nini? Staa kamjibu kwa kopa mbili. Mwingine akamwambia ameze aspirini, mwingine diclofenac. Jamani! Dengue inaweza kumfanya mtu avuje damu, na dawa hizo zinaongeza hatari hiyo. Jibu lilikuwa fupi tu: paracetamol kwa kipimo chake, maji mengi, nenda kapime. Na ukianza kutapika mfululizo, tumbo kuuma sana au fizi kutoa damu, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka.

Kuandika hivyo hakuhitaji udaktari. Na kama ile posti ni dili la kulipwa, maana inanukia dili, basi aliyelipa naye alipaswa kumwelekeza.

Halafu ile picha yake ya wiki iliyopita kando ya bwawa la kuogelea, wadau wameona tairi mbili na pipa wazi pale ukutani. Aanze na hayo, arekodi, aposti.