Mwalimu wa Fidla Asiyekukatisha Anakula Hela Yako Bure

Leo sina umbea wa nani kaachwa na nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu fidla. Ndiyo, fidla, vayolini, ile ya kuweka begani. Msicheke, someni kwanza.

Tangu staa wetu mmoja wa kike (simtaji, wenye macho mmemwona) atoke kwenye video na gauni jeupe akipiga fidla ufukweni, mji mzima unataka kupiga fidla. Hilo sina neno nalo. Afadhali vijana watamani fidla kuliko kubeti. Neno langu ni kwa kaka mmoja aliyeibuka siku tatu baada ya video kutoka, na bango lake mtandaoni: "Mimi ndiye mwalimu wa staa. Jua fidla ndani ya siku 30. Nafasi chache!"

Hebu irudieni ile video, mtazame mikono tu. Kuna mahali upinde umesimama hewani kabisa na fidla inaendelea kulia. Vidole vya kushoto navyo vimetulia tuli kama vimepigwa picha. Dada wa watu alikuwa anaigiza, na kuigiza kwenye video si dhambi. Lakini wewe mwalimu unayejisifia kazi ile, ulimfundisha nini? Kushika?

Ningenyamaza kama nisingelizwa mwenyewe. Sio na huyo, ni mwingine wa aina hiyohiyo, mwaka jana. Nilimtumia laki tatu kwa simu, masomo kumi, malipo kabla. Siku ya kwanza akabandika vijikaratasi kwenye shingo ya fidla, akanionyesha pa kuweka vidole, na baada ya dakika arobaini nikawa nakwaruza kipande cha wimbo wa harusi. Akanirekodi, akanirusha mtandaoni: "Mwanafunzi wangu, somo la kwanza tu!" Makopakopa yakamwagika. Nikajiona nimefika.

Katika masomo yote kumi hakunikatisha hata mara moja. Nikikosea, "safi sana dada." Bega likipanda mpaka sikioni, "safi sana dada." Mwezi wa pili shingo ikaanza kuuma na kidole gumba cha kushoto kikawa kinakakamaa. Nilipomwambia, akasema maumivu ni dalili kwamba mkono unazoea. Wadau, huo ni uongo. Vidole kuchubuka kidogo mwanzoni, sawa. Lakini shingo na mkono kuuma ni ishara kwamba kuna kitu umekishika vibaya, na kazi ya mwalimu ni kukiona.

Nikaenda kwa mwalimu wa pili, mzee mmoja aliyepiga taarab miaka mingi, hata akaunti ya Instagram hana. Kabla sijafungua mdomo aliichukua fidla yangu, akaisikiliza, akazungusha vile vigingi vya juu mpaka nyuzi zote nne zikakaa sawa. Yule wa kwanza hakuwahi kufanya hivyo! Kumbe muda wote ule nilikuwa najifunzia kwenye fidla iliyopotea sauti. Akaniambia nipige. Nikaanza kwa mbwembwe wimbo wangu wa harusi. Nota ya tatu akanisimamisha. Nikaanza tena, akanisimamisha tena. Somo zima likaisha navuta upinde kwenye uzi mmoja mtupu, kwenda na kurudi, taratibu, huku yeye akinishusha bega. Nilitoka nimenuna. Nilihisi nimeibiwa.

Wiki ya tatu shingo ikaacha kuuma. Lakini kufuta yale ya laki tatu kulinichukua miezi minne. Hiyo ndiyo hasara ninayoilia. Hela utatafuta nyingine, ila mkono ukishazoea vibaya unaanza upya kutoka chini ya sifuri.

Na fidla haina huruma. Gitaa lina vile vyuma shingoni vinavyokugawia sauti. Fidla haina. Kidole kikisogea kidogo tu, umeshatoka nje. Wewe mgeni huwezi kulijua hilo, sikio lako bado changa. Kwa hiyo miezi ya mwanzo unakodi sikio la mwalimu. Unamlipa akusikie na akusimamishe. Asiyekukatisha ama hasikii, ama anasikia lakini anaogopa ukikwazika utahama na hela yako. Vyovyote vile, wa nini?

Najua watakaokuja kwenye komenti: "Acha kuharibia watu riziki, una wivu." Jamani, fundi cherehani akikushonea suruali yenye mguu mmoja mrefu, humrudishii? Mwalimu ana kinga gani?

Wengine mtasema fidla ni ya Wazungu, walimu bongo hakuna, ndiyo maana tunachukua anayejitokeza. Hapana. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na fidla ni moja ya nguzo za taarab yao. Pale Mji Mkongwe kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Hapa Dar ulizia kwenye vikundi vya taarab, kwenye bendi za makanisa, kwa wanaopiga kwenye maharusi. Watu wapo. Tunawaruka kwa sababu hawana taa ya duara wala bango.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, fanya hivi. Usiombe kumsikia mwalimu, omba kumsikia mtu aliyemfundisha. Lipa somo moja tu, kisha hesabu amekurekebisha mara ngapi. Muulize wiki hii ukafanye nini nyumbani, akijibu "fanya tu mazoezi" ondoka. Na usinunue fidla kabla ya kumwona. Nyingi za bei rahisi zinakuja kidaraja cha kubebea nyuzi kimelala, na upinde mpya usipopakwa ule ulimbo wake mkavu hautoi sauti kabisa. Wengi wamedhani wameuziwa kopo.

Na sisi wanafunzi tusijitoe. Yule jamaa aliniuzia nilichokitaka. Nilitaka klipu, nikapata klipu. Kujifunza sikuwa nimemwomba.

Sasa wewe kaka wa siku 30, najua unasoma hapa. Chukua mwanafunzi wako mmoja, hata mmoja tu, mrekodi akipiga nyuzi tupu dakika moja, bila muziki wa nyuma, mikono yote miwili ionekane. Ukiweka na sauti ikiwa imenyooka, posti hii naifuta na radhi nakuomba hapahapa.

Wadau, tiririkeni hapo chini. Aliyekula hela yako msimtaje jina, simulieni tu. Ila anayefundisha kweli, semeni mtaa gani anapatikana, tuwape wateja.