Waya Mmoja na Gharama Yake

Walimu wengi wa fizikia huulizwa na wanafunzi wao habari za mikanda ya taa ambayo kila taa hubadili rangi peke yake. Mingi huongozwa na chipu iitwayo WS2812B, kazi ya kampuni ya Worldsemi ya Uchina. Chipu hiyo hukaa pamoja na diodi tatu zitoazo nuru, nyekundu, kijani na buluu, ndani ya kifuko kimoja chenye upana wa milimita 5 hivi. Aghalabu husifiwa kwa rangi zake 16,777,216. Sifa hiyo mimi naiona ndogo, kwani ni 256 mara 256 mara 256 tu.

Ajabu yake imo katika waya. Chipu ya kwanza hupokea mfululizo wa biti, hujitwalia 24 za mwanzo, kisha huipitishia ya pili zilizosalia, nayo hufanya vivyo hivyo hadi mwisho wa mkanda. Hakuna iliyopewa namba. Nafasi yake katika foleni ndiyo anwani yake.

Lakini waya huo hauna mwenzake wa kupiga saa. Sifuri na moja hutofautishwa kwa muda tu: umeme ukikaa juu kwa mikrosekunde 0.4 ni sifuri, ukikaa 0.8 ni moja, na kila biti huchukua 1.25. Kompyuta iongozayo ikikatizwa katikati ya ujumbe, rangi huvurugika. Chipu ya APA102, yenye waya wa pili wa mapigo, haina udhia huo. Tena, chipu 1,000 zahitaji milisekunde 30 kupokea picha moja. Na moja ikishindwa kupitisha ujumbe, zote zilizo mbele yake hukosa habari.

Wapo wasemao kwamba programu zilizo tayari zimekwisha kumaliza matatizo hayo. Kwa fundi, sawa. Kwa mwanafunzi, programu hizo zaficha lile hasa alilopaswa kujifunza.

Nashauri shule inunue chipu 8 tu. Kila moja, ikiwaka nyeupe kabisa, yaweza kula miliampea 60. Nane hula 480, nayo tundu la USB la toleo la 2 hutoa 500. Mwanafunzi na apige hesabu hiyo kabla ya kuunga waya, kisha aandike mwenyewe biti 24 za kwanza, akianza na kijani, maana ndiyo itanguliayo.