Jina la gari bila ushahidi ni uvumi

Wadau, leo nina neno na ndugu zetu mashabiki wa magari ya zamani ya Kiingereza, yale madogo ya familia ya miaka ya 1950 na 1960. Nami ni mmoja wao, kwa hiyo asije mtu akasema nimetumwa. Lakini sitauma maneno: tabia yetu ya kuitazama picha sekunde mbili kisha kutamka jina la gari kama refa aliyepuliza filimbi, imepitiliza.

Mchezo wenyewe mnaujua. Mtu analeta picha kuukuu, nyeusi na nyeupe. Anauliza, jamani, hili gari gani? Hajamaliza swali, mmoja kashasema Morris Oxford. Wa pili anamcheka, anasema Wolseley. Wa tatu, ili aonekane bingwa kuliko wote, anasema Riley. Sasa waulize wote watatu wameona nini kwenye picha. Kimya! Au utajibiwa, "Mimi nayajua haya magari tangu utotoni." Huo ni ushahidi au ni majigambo?

Nimechukua mfano huo makusudi. Mwaka 1952 Austin iliungana na kundi la Morris ikazaliwa kampuni ya BMC, na ndani yake zikawemo pia MG, Riley na Wolseley. Mwishoni mwa 1958 na mwaka 1959 BMC ikatoa gari moja lililochorwa na Pinin Farina wa Italia, ikaliuza kwa majina matano: Austin A55 Cambridge, Morris Oxford, MG Magnette, Riley 4/68 na Wolseley 15/60. Bodi ni ile ile. Waliyobadilisha hasa ni wavu wa mbele, ule mafundi wanaouita shoo, pamoja na nembo, urembo wa nikeli na mapambo ya ndani. Sasa kama picha inaonyesha ubavu tu, na nembo haionekani, wewe ulijuaje kuwa ni Riley? Mtu mkweli angesema: ni mojawapo ya yale matano, nionyesheni sura yake. Kama una sura ya mbele na ile nembo ndogo ya Wolseley iliyokuwa ikiwaka taa usiku, hapo sawa, sema Wolseley na wala sitabisha.

Huku kwetu kosa hilo lina ladha yake. Pinin Farina huyo huyo ndiye aliyechora Peugeot 404 ya mwaka 1960, gari ambalo Afrika Mashariki nzima inalijua. Ukitazama harakaharaka, yale mapezi ya nyuma ya 404 na ya Austin Cambridge ni kama ndugu wa tumbo moja. Matokeo yake, picha za zamani za Nairobi na Dar zinapotolewa, kila kilicho na mapezi kinaitwa Peugeot. Mfaransa anapewa sifa ya Mwingereza, na Mwingereza anapewa lawama za Mfaransa.

Najua kuna watakaosema, "Wewe mwandishi unatukuzia mambo, hii ni burudani tu." Ngoja niwaeleze kwa nini si burudani tu.

Mama mmoja ninayemheshimu sana ana picha ya marehemu baba yake akiwa mwanafunzi Uingereza. Mzee amevaa koti refu, ameegemea gari, nyuma ya picha hakuna tarehe. Enzi za uhai wake mzee alikuwa akiwasimulia wanawe kwamba usiku wa Uhuru, Desemba 1961, alikuwa Dar es Salaam akishuhudia bendera ya Tanganyika ikipanda, na kwamba aliondoka kwenda masomoni baadaye. Shabiki mmoja akaiona ile picha, akatamka: "Austin Cambridge, 1959." Basi. Kwenye familia pakaanza minong'ono kwamba kumbe mzee alikuwa Ulaya siku zote, zile hadithi za bendera alizitunga. Mtu hayupo duniani wa kujitetea, na anageuzwa mwongo kwa maneno mawili na tarakimu nne.

Mimi niliiangalia picha ile kwa utulivu. Jina halina tatizo, ni Austin Cambridge. Lakini mapezi ya nyuma ni mafupi, yamepunguzwa. Hiyo si A55 ya 1959. Ni A60, iliyotoka mwaka 1961 na kuendelea kutengenezwa hadi 1969. Kwa maana hiyo picha haiwezi kuwa ya 1959, na inaweza kabisa kuwa ya 1963 au 1966. Je, hilo linathibitisha kwamba mzee alikuwa uwanjani usiku ule? Hapana. Linathibitisha tu kwamba gari lile halina ushahidi wowote dhidi yake. Mama yule aliponisikia alishukuru, halafu akakaa kimya muda mrefu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Gari kwenye picha hutoa jibu la upande mmoja: linakwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Halikwambii ilipigwa lini hasa, maana watu huendesha gari miaka kumi, ishirini. Ukiona Ford Anglia yenye kioo cha nyuma kilichoinamia ndani, jua ni 1959 au baadaye. Na hata hapo usikurupuke, maana Ford Consul Classic ya 1961 nayo ina kioo cha namna hiyo. Ukiona Morris Minor yenye kioo cha mbele kimoja kisichogawanywa katikati, jua ni 1956 au baadaye. Ukiona namba za Kiingereza zenye herufi ya mwaka mwishoni, hazikuanza kabla ya 1963. Na kama usukani unaonekana upande wa kushoto, usiseme tu ni gari la kuuzwa nje. Kwanza soma namba na mabango, huenda picha imegeuzwa wakati wa kusafishwa.

Haya si mambo magumu. Yanataka subira tu. Ninachodai ni kitu kimoja: kila anayetaja jina la gari aseme ameona nini. Taa za nyuma? Shoo? Mapezi? Kioo? Na aseme pia asichokiona. Sisi kwenye uandishi wa habari, taarifa isiyo na chanzo haiendi mtamboni. Kwa nini jina la gari lipite bila kuulizwa? Siku hizi hata simu ukiipa picha inakupa jina palepale, kwa kujiamini kama yule bingwa wa Riley. Nayo iulizwe swali lile lile: umeona nini?

Anayesema "sijui, ila si kabla ya 1961" amesaidia zaidi ya anayesema "Austin, 1959" huku akipigiwa makofi. Wa kwanza ameacha mlango wazi. Wa pili ameufunga, na nyuma ya mlango ule kuna mtu aliyeegemea gari, ana jina, ana watoto, na hawezi tena kusema neno.

Naomba kutoa hoja.